Mwaka Nilipowapa Wasichana Namba

Waya Perez alipofariki, binamu zangu walinipigia simu wakitaka picha. Kijitabu cha mazishi kilikuwa kinakwenda kuchapishwa Homa Bay siku iliyofuata na jalada halikuwa na uso. Waliniuliza mimi kwa sababu niliishi naye mwaka mzima nikiwa na simu yenye kamera nzuri, na kwa sababu kila mtu katika ukoo wetu anajua kwamba mwaka huo nilipiga picha nyingi. Nilitafuta. Nilipata kuku, mahema, mapipa ya maji, ziwa, sahani zangu za ugali na omena, kiwiko cha Waya kwenye pembe ya picha moja na mgongo wake kwenye nyingine mbili. Uso haukuwapo. Mwishowe walikuza picha ya kitambulisho chake, zile picha ambazo humfanya kila mwananchi afanane na mshukiwa, na hiyo ndiyo tuliyoibeba hadi Magunga siku ya Ijumaa, mapema, ili Sabato isitukute makaburini. Waya ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Nilisimama karibu na jeneza nikiitazama picha ile, nikajiuliza mwanamke anawezaje kuishi miaka sitini na kitu bila kumpa mtu yeyote nafasi ya kumpiga picha. Kisha nikakumbuka kwamba jibu nalijua. Nimelijua tangu mwaka ule.

Nilifika kwake Januari, nikiwa na shahada ya sosholojia ndani ya bahasha ya kahawia na maoni juu ya kila kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya barabara ya hospitali, mjini Homa Bay, na chumba cha mbele hakikuwa cha watu, kilikuwa cha viti. Viti vyeupe vya plastiki vilipandana hadi kwenye mabati, na katikati Waya aliacha uchochoro wa kupita na nafasi ya meza moja. Tulikula hapo, tumezungukwa na mamia ya viti, yeye juu ya kigoda na mimi juu ya debe, kwa maana kiti cha kazi hakikaliwi nyumbani. Nilimuuliza kwa nini. Alisema kiti kikikaliwa nyumbani kinajifunza uvivu. Nililiandika jibu hilo kwenye daftari langu kama mfano wa fikra za kimila. Leo nadhani alikuwa ananitania. Chumba cha nyuma tulilala pamoja na mahema yaliyokunjwa, na harufu ya turubai lililowahi kunyeshewa iliingia kwenye nywele zangu ikakataa kutoka. Asubuhi alikunywa uji wa mtama amesimama, akitazama barabara, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Kazi yake ilikuwa kukodisha mahema na viti kwa mazishi, harusi na mikutano, kutoka Homa Bay hadi Migori. Pamoja na mahema alipeleka wasichana wanane. Ukifika kwenye msiba mkubwa huku kwetu ukapokewa na msichana langoni, akakuongoza hadi kiti kinacholingana na cheo chako, akakunawisha mikono kwa birika na beseni, akakupa chupa ya maji kwa mikono miwili, ujue ameletwa na lori lile lile lililoleta hema. Wa Waya Perez walijulikana kwa magauni yao. Yalikuwa ya buluu iliyofifia, marefu hadi vifundoni, yote ya kipimo kimoja na mapana kiasi cha kumeza mwili wa aina yoyote. Juu yake alifunga kila kichwa kwa kitambaa cha rangi ile ile, akakishusha hadi kwenye nyusi. Hereni zilikatazwa, rangi ya midomo ilikatazwa. Walitembea wawili wawili. Hakuna aliyeruhusiwa kutaja jina lake kwa mgeni, na shughuli ikiisha wote walipanda lori, Waya akiwa amesimama nyuma kama mwalimu wa zamu hadi wa mwisho aketi.

Mimi niliyaona magauni hayo kama gereza. Nilikuwa nimesoma miaka minne jinsi jamii inavyomfuta mwanamke, na sasa ufutaji wenyewe ulikuwa umeanikwa kwenye kamba mbele yangu, vipande vinane. Siku moja tulipokuwa tunayakunja nilimwambia Waya kwamba anawafanya wasichana wafanane kama viti. Nilitegemea akasirike, maana kwa umri ule nilipenda watu wakikasirika. Ilionyesha nimegusa penyewe. Waya aliendelea kukunja.

"Ndiyo," alisema. "Umewahi kuona mgeni akichagua kiti? Anakaa alipoonyeshwa."

Hilo pia nililiandika, na kando yake nikaweka alama ya mshangao.

Aprili alikuja Dani, mama yake Waya, nyanya yangu, kutoka Uriri. Alikuwa na miadi ya macho hospitalini na alikaa nasi wiki tatu. Jioni majirani wanawake walikuja kumsalimia, wakakaa chini kwenye uchochoro kati ya viti, sufuria ya nyoyo katikati, kila mtu akijichotea mahindi na maharagwe kwa kikombe. Walimtaka asimulie jinsi alivyoolewa, kwa sababu alisimulia vizuri na walishajua mahali pa kucheka. Alikuwa anatoka sokoni Ogwedhi, alisema, na mtungi wa samli kichwani. Kijana mmoja aliyekuja kununua ng'ombe alimnyooshea fimbo, akawaambia wenzake, yule mwenye shingo. Siku ya soko lililofuata walimsubiri njiani, wakamnyakua juu juu, wakakimbia naye. Mtungi ulivunjika. Alimng'ata mmoja sikio, na hapo ndipo wanawake walipocheka hadi wakashika mbavu, kwa sababu mwenye sikio hilo baadaye alikuwa shemeji yake mpendwa, na hadi anakufa alivaa kofia kwenye kila harusi ili kulificha. Mimi sikucheka. Nilimuuliza Dani kama alikataa.

"Nilikataa sana," alisema. "Msichana aliyekwenda bila kulia alionekana hana malezi. Kwa hiyo sote tulilia. Aliyetaka alilia na asiyetaka alilia. Sasa wangetutofautisha vipi?"

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza ugumu wa kutenganisha mbegu mbili zinazofanana. Mmoja wa majirani akaomba chumvi, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mafuta ya taa. Waya alikuwa mlangoni anachambua maharagwe ya kesho. Hakuwa amecheka mahali popote, hata kwenye sikio. Nilidhani ni ule ukali wake wa Kisabato. Nilikuwa hodari sana wa kuona maana katika mambo ya watu, na kila mara nilichelewa kwa mwaka mmoja au minane.

Juni msichana mmoja aliolewa, tukapungukiwa. Waya aliniagiza Ogwedhi, ambako mke wa mchungaji alikuwa amemtajia binti mwenye adabu aliyemaliza kidato cha nne. Nilimkuta Boke siku ya mnada, kwenye kibanda cha chai cha nyanya yake, ubavuni mwa uwanja wa ng'ombe. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mama yake alikuwa Mkuria, na kwa kuwa Kikuria sikijui na Kijaluo chake kilikuwa cha sokoni, tuliongea Kiswahili tangu siku hiyo. Sijui mke wa mchungaji aliiona wapi adabu. Dalali mmoja wa ng'ombe, mwenye gumboti na koti zito, alimwambia, "Boke, ningekuoa ningekunywa hii chai bure." Naye, bila kuinua macho kwenye birika, akajibu, "Ungenioa ungeoga kwanza." Kibanda kizima kikacheka, dalali mwenyewe akacheka zaidi ya wote. Boke alikuwa anasubiri nafasi ya chuo cha uuguzi na alitaka kufanya kazi wakati huo. Nyanya yake hakuniuliza kuhusu kazi yenyewe. Aliniuliza swali moja tu, nani atamrudisha. Nikasema mimi. Akanimiminia chai ya pili bila kuniuliza kama nataka, na nikaelewa kwamba tumekubaliana. Siku zile niliyadharau maneno ya aina hiyo. Nilidhani ahadi ni kitu kinachotiwa sahihi.

Mwezi wa Agosti kazi ilianza kupungua. Kulikuwa na kampuni mpya mjini, yenye wasichana waliovaa sketi fupi na viatu virefu, na kamati za mazishi zilianza kusema kwamba wapokezi wa Waya Perez wanafanana na watawa. Mimi nikaona nafasi yangu. Ningewapa wasichana hawa sura zao, kila mmoja kwa nguo zake, nywele zake, tabasamu lake, na watu waone kwamba hawa ni binadamu wanane tofauti. Hivyo ndivyo nilivyojieleza, na niliamini. Waya alikuwa na simu ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, isiyofungua picha. Nilimwambia nataka kuonyesha kazi yetu kwenye WhatsApp, naye akadhani ninazungumzia mahema.

Niliwapiga picha Alhamisi moja alasiri, nyuma ya nyumba, kwenye ukuta tuliokuwa tumeupaka chokaa. Waliazimana hereni. Mmoja alileta miwani ya jua ya kaka yake ikapita kwenye nyuso nne. Kuku wa jirani aliingia kwenye picha mara mbili tukamfukuza kwa kandambili. Nakumbuka jua lilivyokuwa, na jinsi nilivyowaambia wainue kidevu, wageuke kidogo, wasikaze mabega. Boke alikuwa wa saba. Majina niliyaweka mwanzoni, lakini wateja walichanganya Achieng' na Atieno, kwa hiyo nikabadilisha nikaandika namba chini ya kila picha, moja hadi nane. Ilikuwa rahisi zaidi. Nimefikiri sana juu ya neno hilo, rahisi, na bado sijaona lilivyo na kosa ukilitazama peke yake.

Simu zilianza wiki ile ile. Rongo, Migori, Awendo, hata Kisii. Wanaume wenye sauti za heshima, wajumbe wa kamati, walimu wastaafu, walisema wanataka mbili, tano na saba. Mmoja aliuliza kama nne ni mweupe vile kweli au ni simu yangu. Niliona aibu kidogo, nikacheka naye, kwa sababu mteja ni mteja. Kwa Waya nilisema hawa ndio wenye nafasi wiki hii. Wasichana wenyewe walianza kutaniana kwa namba. Mbili alimwambia sita kwamba soko lake limelala. Kufikia Septemba hata mimi, nikipanga ratiba kichwani, sikuwa nasema Boke. Nilisema saba. Niliendelea kuandika kwenye daftari kuhusu mila na ukandamizaji, na kati ya kurasa hizo hizo kuna orodha za namba kwa mwandiko wangu mzuri.

Mkandarasi mmoja wa barabara alimwona Boke kwenye msiba Uriri, kisha akamwona tena kwenye simu ya mtu. Oktoba alinipigia. Alikuwa na wageni Jumapili, chakula cha mchana, kwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa nje kidogo ya mji, na alihitaji mpokezi mmoja tu. Saba. Asivae ile nguo ya kitawa, atamtumia nguo. Alisema amesikia binti anatafuta nafasi ya chuo, na yeye anawajua watu. Nilimuuliza maswali mawili matatu ya kitaalamu na akayajibu vizuri. Moyoni nilijua. Nataka niseme hivyo waziwazi, kwa sababu nimesoma kumbukumbu nyingi ambamo mwandishi hakujua chochote hadi ukurasa wa mwisho. Nilijua kama mtu anavyojua mvua inakuja akaamua kuacha nguo kwenye kamba. Nikajiambia Boke ni mtu mzima, mwenye uhuru wa kuchagua, na kwamba kumzuia kungekuwa kumfanya mtoto, jambo ambalo Waya angefanya. Nilimpa gauni jekundu lililoletwa na mtu wa pikipiki. Nilimwambia mahali na saa. Alisema sawa. Nilikuwa nimemwambia, lakini sikuwa nimemuuliza, na kwa shahada yangu yote sikuona tofauti.

Sabato ilipita. Jumapili kwetu ilikuwa siku ya kufua. Saa nane mchana Waya alikuwa anaanua magauni kutoka kambani, akayahesabu kwa kuyagusa, kisha akaingia ndani akiwa ameshika moja.

"Hili ni la Boke," alisema. "Wengine wako nyuma hapa, wanasukana. Boke amekwenda kazi gani bila gauni?"

Ningeweza kudanganya. Nilifungua mdomo kwa nia hiyo. Lakini alikuwa ameshaketi juu ya kigoda, amenyoosha mkono kuomba simu, nami nikampa. Ilibidi nimwonyeshe jinsi ya kusukuma picha kwa kidole. Alisukuma polepole, moja, mbili, tatu, akirudi nyuma kuhakikisha. Alipofika kwa Boke akauliza hizo namba ni za nini. Nikamwambia, na pia mahali Boke alipokwenda na kwa nani. Nje wasichana walikuwa wanacheka jambo fulani.

Aliyonieleza baada ya hapo aliyaeleza akiwa anafunga kitambaa chake cha kichwa, kwa sentensi fupi, hanitazami. Alipokuwa kidato cha nne shule yao ilipeleka wachezaji ngoma uwanjani kumpokea mgeni mkubwa. Mwalimu aliwagawia nguo za rangi mbalimbali ili wapendeze kwenye picha, na yeye akapewa ya njano. Mtu mmoja kati ya waliokaa jukwaani alimwinamia mwalimu mkuu akasema neno. "Hakujua jina langu," Waya alisema. "Alisema yule wa njano." Muhula haukuisha kabla hajawa mke wa tatu wa mtu huyo, huko Magunga. Babu yangu alipokea ng'ombe, walimu walipokea shukrani, na Dani alimwambia alie kidogo kisha anyamaze. Alikaa huko miaka tisa, akatoka na gunia moja la nguo. Nilitaka kuuliza jambo. Aliinua kiganja.

"Nimewafunika hawa watoto miaka ishirini," alisema. "Asionekane mmoja. Nawe na masomo yako umewafunua kwa wiki moja, tena ukawapa namba ili wasipate shida ya kunyoosha kidole."

Akatoka nje akawaambia wasichana wavae. Akanitupia gauni la Boke, akasema nivae nami, kwa sababu wanane ni wanane. Lilikuwa pana kama alivyokusudia. Tulipanda lori la mahema, Waya mbele na dereva, sisi nyuma tumeshika vyuma, nywele za mmoja zikiwa zimesukwa nusu chini ya kitambaa.

Nyumba ile ya wageni ilikuwa na nyasi zilizokatwa vizuri hadi majini. Wanaume wanne walikaa chini ya mwavuli mkubwa, mezani kulikuwa na samaki wazima na chupa, na Boke alikuwa ameketi kati ya wawili wao katika gauni jekundu. Hakuwa anapokea mgeni yeyote. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imekaa kama ya mtu aliye kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Waya alivuka nyasi, nasi nyuma yake wawili wawili, na mabirika na mabeseni kana kwamba ni msiba. Akamsalimia mkandarasi kwa heshima zote, akamwita mzee, akauliza habari za nyumbani.

"Mama, mimi niliita mmoja," mkandarasi alisema.

"Najua, mzee. Sisi hatuji mmoja mmoja."

Akatupa ishara. Tukawanawisha mikono, wote wanne, walionawa na wasionawa. Tukasimama wawili nyuma ya kila kiti, macho mbele, kimya. Mgeni mmoja alijaribu kufanya mzaha akauliza kama leo amekufa nani. Ni vigumu mtu kula samaki huku wasichana wawili wamesimama nyuma yake kama wanaosubiri jeneza lishushwe, na ni vigumu zaidi kuwafukuza, kwa sababu hawajafanya chochote ila kazi. Mkandarasi alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimuuliza Waya kama amekuja kumfundisha adabu mbele ya wageni wake.

"Hapana, mzee," Waya alisema. "Nimekuja kuwahudumia wageni wako. Wakishiba tutaondoka, kama tunavyoondoka siku zote."

Walishiba upesi. Tulikusanya sahani. Waya alivua khanga yake kiunoni, akamfunika Boke mabegani juu ya lile gauni jekundu, akamwambia twende, na Boke akasimama. Lori lilipofika barabarani tulianza kucheka wote, kicheko cha hofu inayotoka, mmoja akiigiza mgeni aliyenawa mara mbili. Boke hakucheka. Nilimwuliza kama yuko salama. Alitazama barabara inavyorudi nyuma, akasema jambo moja.

"Hakuna aliyeniuliza."

Nilidhani anamsema Waya. Nakiri kwamba nilipata ahueni. Usiku na mchana wa wiki ile niliushikilia msemo huo, na nilipogombana na Waya Desemba, maneno ya mwisho tuliyowahi kusemezana kwa ukali, niliutumia. Nilimwambia kwamba yeye na mkandarasi wote walimchagulia Boke la kufanya, mmoja kumfunua na mwingine kumfunika, na kwamba gauni lake la buluu ni ile fimbo aliyonyooshewa Dani sokoni, iliyogeuzwa upande wa pili. Bado nadhani kuna ukweli humo. Kufikia hapo kazi yake ya mahema ilikuwa imekauka. Mkandarasi alikuwa ameongea na kamati za mazishi, na tangu Novemba viti havikuwa vimetoka chumbani. Nilifuta picha zote mbele yake, moja hadi nane, naye akatazama kidole changu hadi mwisho. Boke nilikuwa nimemrudisha Ogwedhi mwenyewe, kama nilivyoahidi. Nyanya yake alinipa chai na hakuniuliza kitu. Nikaenda Nairobi, nikapata kazi katika shirika linalotetea wasichana. Ninaifanya vizuri.

Waya alizikwa Magunga kwa sababu wale ng'ombe hawakuwahi kurudishwa. Wazee walikaa siku mbili kujadili, ingawa hapakuwa na cha kujadili: mwanamke aliyelipiwa mahari kaburi lake liko kwa mumewe, hata kama mume amekufa, hata kama yeye aliondoka miaka mingi iliyopita na gunia. Niliuliza maswali. Niliambiwa mimi ni msomi. Alipoteremshwa, watoto wa wake wenza ambao hawakumjua walilia vizuri sana.

Boke alikuja. Ni muuguzi Migori sasa. Nafasi ya chuo aliipata mwaka uliofuata, kwa alama zake. Tulikutana nyuma ya jiko, tukaosha sahani pamoja kwenye karai moja, kwa sababu ni rahisi kuongea mikono ikiwa na kazi. Alinieleza bila haraka kwamba picha bado inatembea. Mwezi uliopita mwanamume mmoja aliyeleta mtoto kliniki alimkazia macho, akatoa simu, akasema wewe ni saba. Inatokea mara moja au mbili kwa mwaka. Mume wake wa kwanza aliipata kwa rafiki zake. Nilisema nilizifuta. Alisema anajua, Mama Perez, ndivyo alivyomwita Waya, alimwambia.

Kisha akauliza kama naikumbuka siku ile ukutani. Nikasema naikumbuka vizuri, jua, miwani, kuku.

"Nilikuambia sitaki," Boke alisema. "Unakumbuka?"

Sikukumbuka. Nimeipitia alasiri ile mara nyingi tangu tulipozika, kila kitu kipo mahali pake, hadi kandambili iliyomkosa kuku, lakini sauti hiyo haimo. Alisuuza sahani akanipa nifute.

"Ulicheka," alisema. "Ukasema wote mwanzoni husema hivyo, nivue kitambaa. Lile gauni jekundu uliponipa, niliona hakuna haja ya kusema tena."

Nilianza kuomba msamaha, akanizuia, kwa upole, kama anavyomzuia mgonjwa asiinuke kitandani. Alikuwa hakuja kwa hilo. Alikuwa amekuja kumzika Mama Perez, ambaye kwa miaka minane alimpigia kila Jumapili kwa ile kabambe, na ambaye ndiye mtu pekee aliyewahi kumuuliza alisema nini siku ya picha.

Nilipoanza kuandika sura hii nilimpelekea ujumbe nikamuuliza kama naweza. Hakujibu siku nne na mimi sikumkumbusha. Siku ya tano aliandika kwamba niandike, ila nisitumie jina lake, na nisiifanye hadithi ya Mama Perez peke yake. Nikamuuliza anataka jina gani. Boke amelichagua yeye. Alitaka pia jambo moja liwekwe mahali ambapo mtu hawezi kulipita bila kulisoma, nami naliweka hapa: siku ile ukutani, kabla sijapiga picha, alisema hataki, kwa sauti ya kawaida, kwa Kiswahili, na nilikuwa karibu naye.